Jogoo, Gauni na Mrithi wa Patrone

Patrone, mama mwenye kazi yetu, alitangaza asubuhi moja, sisi mafundi wake tukiwa tunapuliza pasi za mkaa, kwamba amechoka na mabibi harusi. Alisema bila kututazama, kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

"Bibi harusi anakula, ananenepa, kisha anakuja kusema kanzu njo imepunguka," alisema. "Mi nimechoka. Natafuta mtu wa kubakia na nyumba."

Nyumba aliyoisema haikuwa ile aliyolala. Ilikuwa nyumba ya mitindo, vyumba vitatu vya matofali hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, karibu na njia ya kwenda sokoni, yenye kibao cha Kifaransa ambacho mchoraji alikosea herufi na Patrone akakataa kisahihishwe kwa sababu wateja walikuwa wameshakizoea. Alitoka Kindu, Kongo, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, na alipofika kambini alikuwa na cherehani moja ya mkono. Nilipomfahamu mimi, alikuwa na cherehani za miguu zimepangwa ukutani, kioo kirefu kilichopasuka kwenye kona, na wateja waliotoka mpaka Lilongwe, wake za maofisa wa serikali wa Capital Hill, waliopaki magari yao nje na kuinua miguu juu ya vumbi letu kama kuku kwenye matope.

Walifuata mikono. Patrone alikuwa na mkono wake wa gauni, uliovimba kuanzia begani, ukapanda karibu na sikio, kisha ukashuka na kubana kwenye kiwiko. Mwanamke akipita njiani na mikono ile, kila mtu alijua ameshonewa wapi. Mlango wetu wa mbele ulibomolewa na kupanuliwa ili wateja wasipite kiubavu.

Tuliokuwa tunafaa kumrithi tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mimi, mwanamke wa Uvira, mkataji wake, niliyejua mikono ile kuliko ninavyojua kupika. Wa pili alikuwa Mrundi, mtu wa makamo, mwongoza kwaya kanisani kwake, ambaye sote tulimwita fundi wa kwaya. Alishona vizuri sana lakini aliona haya. Mteja akija kupimwa, fundi wa kwaya alimpa futi ajizungushie mwenyewe, akageukia ukuta, na kuuliza, "Imesoma ngapi, mama?" Wateja walijipunguzia. Kila gauni lake lilibidi lifumuliwe na kuongezwa. Wa tatu alikuwa mtoto wa kaka yake Patrone, mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa kwa mstari, aliyevaa koti la mahameli hata mwezi wa kumi, wakati mbuzi wenyewe wanahema. Alikuwa amekulia hapa, Kichewa chake kilikuwa cha wenyeji kabisa, na alijifunza mitindo kwenye simu. Alikuwa hasemi "nguo". Alisema "silhouette", yaani umbo la nguo. Mimi na fundi wa kwaya tulidhani kwa muda mrefu kwamba ni jina la mteja.

Nafasi ya kutupima ilikuja na mama mmoja wa Area 47, mtaa wa Lilongwe, mteja wetu wa zamani, mke wa ofisa. Binti yake alikuwa anachumbiwa, na walikuwa wanaandaa chinkhoswe, sherehe ya uchumba ya hapa Malawi, ambapo wajomba wa pande mbili hukaa mbele za watu wakapeana jogoo na mtetea kuonyesha kwamba familia zimekubaliana. Mama wa Area 47 alitaka magauni matatu siku hiyo, awe anabadilisha. Alisema mama wa binti akivaa gauni moja mpaka jioni, watu hudhani nyumbani kuna shida.

Patrone alitugawia moja kila mtu. Hakutuambia tushone nini. Hakutaka kuona kazi mpaka siku yenyewe, na alisema atakuja Lilongwe, atakaa mbele, atatazama, kisha ataamua.

Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa mtulivu. Niliutaka ule ukuu wa nyumba. Usiku nilijiona nimekaa kwenye kiti chake, nimevaa miwani yake, nikiwaambia watu "hapana" kwa jicho tu. Nikaamua kumpa Patrone kitu anachokijua, lakini kikubwa zaidi. Nitashona mikono yake, mikono ambayo haijawahi kuonekana. Niliichora ikawa inafika juu ya kichwa. Shida ilikuwa namna ya kuisimamisha. Neti ngumu tuliyozoea iliniishia katikati ya mkono wa pili, nikakata viroba vya sukari, vile vya plastiki iliyofumwa, nikaviweka ndani chini ya bitana. Ilisimama. Ungeweza kukaa juu yake.

Fundi wa kwaya alishona gauni la kijani la kukufunika kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mgongoni mwote akaweka vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa kilekile, kimoja juu ya kingine, kama mbegu za mahindi kwenye gunzi. Nilimuuliza kwa nini asiweke zipu. Alinijibu kwa upole kwamba zipu inaweza kufunguka.

Mtoto wa kaka yeye alitundika pazia kwenye chumba cha nyuma, akafanya kazi humo. Hatukusikia cherehani. Tulisikia msumeno. Siku nyingine tulinusa plastiki inayoungua. Maneno yakaanza kuzunguka sokoni kwamba hashoni, anagandisha kwa gundi, na mimi sikuyazuia. Nilipoulizwa nilinyamaza kwa namna ambayo ilisaidia maneno yaendelee.

Siku ilipofika tulikuwa tumeshapata ruhusa ya kutoka kambini, na Patrone alikuwa ametutafutia usafiri kwenye lori lililopeleka tumbaku Kanengo, kwenye mnada. Yeye alikaa mbele na dereva, na magauni mawili, langu na la fundi wa kwaya, yakatundikwa nyuma ya kiti. Gauni la tatu ndipo tulipoliona umbo lake, ingawa lilikuwa limefunikwa shuka. Lilikuwa kengele. Mtoto wa kaka alikuwa amekunja bomba jeusi la kumwagilia bustani, akalifanya duara juu ya duara, akalifunga ndani ya sketi, na lile duara la chini halikuingia kwenye mlango wowote wa lori. Ilibidi apande nalo juu ya marobota ya tumbaku, akaingia katikati yake, akalishika kiunoni, na hivyo ndivyo alivyosafiri mpaka Lilongwe, amesimama ndani ya kengele, koti la mahameli juu, sisi wawili tumekaa miguuni pake tukipiga chafya.

Getini Kanengo mlinzi alizunguka lori mara mbili. Alitaka kujua kile ni kitu gani. Mtoto wa kaka alimweleza kwa Kichewa kirefu, na nilisikia neno silhouette likipita humo. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama tundu hilo linatosha kuku wangapi.

Sherehe ilikuwa uani kwa mama wa Area 47, chini ya mahema meupe, viti vimevikwa vitambaa na kufungwa utepe. Patrone aliwekwa mstari wa mbele kama shangazi wa binti. Sisi tulipewa chumba cha wageni, tumvalishe mwenye sherehe.

Gauni langu lilikuwa la kwanza. Mama alijitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaangusha taa ya kando ya kitanda. Alifurahi sana. Alitoka uani na watu wakapiga vigelegele, na mimi nilijisikia kama nimeshakaa kwenye kile kiti. Mume wake alitakiwa asimame ubavuni mwake wakaribishe wageni. Hakuweza kufika ubavuni. Alijaribu kulia, akajaribu kushoto, mwishowe akasimama nyuma, na picha zote za sehemu hiyo zinaonyesha mikono miwili mikubwa na katikati yake uso wa mwanamume anayeonekana kama anachungulia dirishani.

Hilo lingepita. Lililonimaliza ni kipaza sauti. Mama alipoinua mkono kukishika, viroba vya sukari vilisuguana karibu nacho, na uani kote kukasikika mlio, krii, krii, kama mtu anatafuna vioo. Mshereheshaji alisimamisha shughuli. Fundi wa mitambo akaja, akagonga spika, akachomoa waya, akarudisha. Kimya. Mama akashukuru, "Zikomo kwambiri," na kuinua mkono tena, krii. Bibi mzaa baba wa mchumba, aliyekuwa haoni vizuri, aliuliza kama mvua imeanza. Fundi wa mitambo akabadilisha waya. Wakabadilisha spika. Mama akaambiwa aongee, akaongea amesimama kama mti, mikono haigusi mwili, na aliposahau na kujikuna shingo, sauti ikatoka kwenye spika mpya kubwa kuliko mara ya kwanza. Nilimtazama Patrone. Alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Nilitamani awe analia.

Mama akaja kubadilisha, akavalishwa kengele. Nikubali tu kwamba alipotoka nayo hakuna aliyepiga vigelegele. Walisimama kumtazama. Lilikuwa la rangi ya zambarau, kiuno chembamba, kisha likafunguka chini pana kabisa, na mama, ambaye ni mtu mzito, alikuwa anateleza juu ya nyasi kana kwamba hana miguu. Niliona wivu.

Kisha akaambiwa aketi.

Nyote mnajua duara likikandamizwa nyuma hufanya nini mbele. Sketi iliinuka mbele ya wageni, mama akasimama haraka, ikashuka. Akajaribu kwa ubavu, ikainuka kwa ubavu. Fundi wa kwaya alikuwa ameshageukia ukuta wa hema. Ikaamuliwa kwamba mama atashuhudia sehemu iliyobaki akiwa amesimama, kwa heshima ya wajomba.

Wajomba wakaja mbele na kuku wao. Wa upande wa mvulana alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye hasira, na katika kumpokeza mkono kwa mkono, jogoo akajinasua. Watu wakainuka kumzuia. Akakimbia chini ya meza ya keki, akatoka, akaona mahali pamoja tu pale uani penye giza na utulivu. Aliinamisha kichwa akaingia chini ya gauni la mama wa binti.

Mama alibaki amesimama wima, mikono hewani, macho yakitazama mbali sana. Wajomba walitazamana. Hakuna mjomba aliyekuwa tayari kuweka mkono pale. Shughuli haiwezi kuendelea bila jogoo, na jogoo, ambaye alikuwa amepata nyumba, akawika kutoka ndani. Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Yule bibi asiyeona vizuri akauliza nani anaimba.

Patrone alinigeukia. Alinionyesha gauni kwa kidevu.

Nililala kifudifudi kwenye nyasi za Area 47, nikiwa na nguo yangu ya Ijumaa, nikaingia. Ndani mlikuwa na mwanga wa zambarau na miguu ya mama iliyovaa viatu vya kisigino, na jogoo kati yake ananitazama kwa jicho moja. Nilitulia ili nisimshtue. Na nikiwa nimetulia hivyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kazi hii na macho yangu hayajui kupumzika, niliangalia mishono.

Hakukuwa na gundi. Mishono yote ilikuwa imefungwa kwa mkono, mapigo madogomadogo ya sindano yanayolingana, na pindo la chini, refu kama njia ya kwenda mtoni, lilikuwa limepigwa kwa uzi wa hariri usioonekana upande wa juu. Kila mahali bomba lilipogusa kitambaa aliweka utepe laini ili kisichubuke. Hakuna mteja ambaye angeona kamwe. Alifanya vile nyuma ya pazia, peke yake, sisi tukisikia msumeno na kucheka. Nilimkamata jogoo kwa miguu, akanipiga mbawa usoni, nikatoka nikiwa na manyoya kwenye nywele na watu wakinipigia makofi, na sikuweza kufurahi.

Kuhusu gauni la fundi wa kwaya, lililovaliwa mwisho, sina mengi ya kusema. Lilimpendeza mama vizuri. Lakini kufunga vile vifungo kulichukua muda wote wa chakula, mimi na dada zake wawili tukipokezana mgongoni mwake, na fundi wa kwaya nje ya mlango akituuliza kila mara tumefika wapi. Nsima, yaani ugali, na nyama vilipita, keki ikakatwa, na mama alipotoka, wageni wa mbali walikuwa wanaaga. Alikula akiwa amesimama jikoni, amependeza, ana njaa ya mtu aliyelima.

Kesho yake Patrone alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha mbele. Fundi wa kwaya ndiye aliyeanza, na alitoka haraka. Alituambia mwenyewe kwamba alikuwa amemwomba asichaguliwe. Mkuu wa nyumba lazima awatazame wateja, na yeye kwa umri wake hawezi kuanza kujifunza jambo kama hilo. Alionekana kama mtu aliyepona ugonjwa.

Nilipoingia mimi, Patrone alikuwa amenyoosha magoti yake juu ya kigoda, anayapaka mafuta. Aliniambia nikae. Nikadhani ataongea juu ya viroba vya sukari.

"Kule chini uliona nini?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba niliona jogoo.

"We ni fundi. Usiniletee jogoo. Bantu banasema yule mutoto anagandisha na gundi. Mi siwezi kupiga magoti kwenda kuangalia, na yeye ni damu yangu, nikimsifu bataona namupendelea. We njo uliingia. Uliona nini?"

Nilikuwa na jibu moja lililonifaa na jingine lililokuwa kweli. Nje mtu wa kabaza alikuwa anapiga kengele ya baiskeli yake akitafuta abiria. Nilimwambia. Nilimweleza mishono, utepe, uzi wa hariri. Nilipoanza sikuweza kuacha, nikawa namweleza pindo lile kwa mikono, nikamwonyesha hata lilivyofuata duara la bomba. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Na ile mikono yako," alisema nilipomaliza, "mi niliishona hivyo Kindu, kabla ya kuzaa mutoto wa kwanza. Niliweka magunia ya kahawa. Bibi harusi alijikuna misa nzima."

Kisha akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba jana hakuwa analia.

Aliniambia yeye mwenyewe bado yuko, hajafa, na nyumba haihitaji kupata mwingine kama yeye. Makosa yangu ameshayafanya yote. Makosa ya mtoto wa kaka yake hakuna mtu aliyewahi kuyafanya, na huko mbele anataka kuona ni makosa gani mengine yanawezekana. Mtoto huyo abaki na nyumba, mimi niwe msimamizi wa kazi, nisiache gauni litoke mlangoni kabla mtu hajajaribu kuketi nalo. Nilisema ndiyo, Patrone. Nilikwenda uani nikakoroga wanga wa kunyooshea kola, nikaukoroga mno, ukawa uji. Nililia kidogo juu yake. Fundi wa kwaya alikuja akasimama karibu nami, ametazama ukuta, akaniuliza kama ningependa kuimba sauti ya pili. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu. Alisema anajua, alikuwa hajui aseme nini.

Wiki ile mke wa ofisa mwingine alipiga simu kutoka Lilongwe. Alitaka kengele kama ya rafiki yake, lakini ya kuketika. Alifika Jumamosi na gari, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti cha wageni. Mtoto wa kaka, mkuu mpya, alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Nilimsikia nyuma ya pazia akiyarudia. Sasa alisimama mbele ya mteja wake wa kwanza, futi shingoni, jasho likimtoka chini ya mahameli, na hata silhouette ilikuwa imemtoka kichwani. Alinitazama mimi.

Nilimnong'oneza kwamba Patrone huwa hasemi kitu mwanzoni. Huwauliza tu wanaogopa watu waseme nini.

Akamuuliza yule mama, kwa Kichewa, polepole. Mama akavuta pumzi, akavua viatu, akaanza kueleza habari za mawifi zake. Mtoto wa kaka akavuta kigoda akakaa, mimi nikachukua penseli, na mwadhini aliposoma adhana ya alasiri bado tulikuwa kwenye wifi wa pili.